Kagua miti yako kabla mvua haijanyesha

Zikitajwa hatari za afya mjini wengi wetu hufikiria maji machafu, vumbi au magari. Ni wachache wanaofikiria mti. Hata hivyo, majeraha ya miti hutufikia sisi madaktari mara kwa mara. Huyu ameangukiwa na tawi, yule ameteleza akipogoa, na mtoto wa jirani ameingiwa na utomvu machoni. Somo la leo linahusu jinsi ya kuishi na miti bila kuumia, na la kufanya ajali ikitokea.

Nianze kwa kuondoa dhana moja. Sisemi miti ikatwe. Anayeishi Kitengela, Isinya au mjini Kajiado anajua jua la Februari na vumbi la barabara za mitaani. Kivuli hupunguza joto, na majani hunasa sehemu ya vumbi linalowasumbua wenye pumu. Uingereza, nchi yenye watu zaidi ya milioni 60, hupoteza watu watano au sita hivi kwa mwaka kwa kuangukiwa na miti. Hatari hiyo ni ndogo, na huko ukaguzi wa miti ni jambo la kawaida. Kinga yetu nayo ni ukaguzi.

Kwa nini miti huanguka

Sehemu kubwa ya nyanda za Kitengela na Kapiti ina udongo mweusi unaonata. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa zinazokata mizizi myembamba. Mvua ikinyesha, hufura na kulainika kama uji. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika maeneo makavu ya Kenya, na Kajiado ni kati ya kaunti zilizoumia. Kisha zikaja mvua za El Niño mwishoni mwa 2023, na mafuriko ya masika ya 2024. Mti uliopoteza mizizi wakati wa ukame hauna cha kuushikilia udongo unapolowa na upepo unapovuma.

Sababu ya pili ni sisi wenyewe. Fundi akichimba msingi wa nyumba au mtaro wa maji taka karibu na shina, hukata mizizi ya upande mzima. Mti hauanguki siku hiyo. Huenda ukakaa miaka kadhaa ukiwa na majani mazuri, kisha siku ya upepo ukalala juu ya mabati.

Hapa ndipo wengi hukosea: hudhani mti wa kijani ni mti mzima. Tarehe 15 Agosti 2017, katika kisiwa cha Madeira nchini Ureno, mwaloni mkubwa wa miaka mingi uliwaangukia watu waliokusanyika kwa sherehe ya kidini mjini Funchal. Watu 13 walikufa na makumi wakajeruhiwa. Basi usiyaamini majani peke yake, maana ugonjwa wa mti mara nyingi uko shinani na mizizini.

Jinsi ya kukagua

Kagua miti yako mara mbili kwa mwaka, yaani Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, na tena baada ya kila dhoruba. Zunguka mti wote, kisha simama mbali uutazame mzima. Tafuta dalili hizi:

1. Mti umeanza kuinama hivi karibuni, au udongo umeinuka na kupasuka upande mmja wa shina.
2. Uyoga umeota shinani au juu ya mizizi. Hiyo ni dalili ya kuoza ndani.
3. Kuna shimo, mchwa, au sauti ya mvungu unapogonga shina kwa kipande cha mti.
4. Kuna ufa mahali matagaa mawili yanapokutana, hasa yakiwa yamebanana kama herufi V.
5. Kuna matawi makavu, au tawi lililovunjika na kuning'inia.
6. Mizizi imekatwa na ujenzi, mtaro au barabara.

Ukiona dalili, jiulize swali la pili: chini ya mti huo kuna nini? Mti mbovu katikati ya malisho yasiyopitwa na mtu unaweza kuachiwa ndege. Mti huo huo ukiwa juu ya kibanda cha mama mboga, kituo cha bodaboda au uwanja wa shule ni jambo la wiki hii. Wakati mwingine dawa si kukata bali ni kuhamisha kibanda au benchi.

Nani akate, na vipi

Kabla ya kukata mti wowote, hata ulio ndani ya ploti yako, uliza ofisi ya kaunti kuhusu kibali. Mti wa kando ya barabara ya Namanga ni jukumu la mamlaka ya barabara kuu, KeNHA. Ripoti kwa barua na uweke nakala.

Mti unaogusa nyaya za stima usiuguse kamwe. Nyaya za juu ya milingoti huweza kubeba volti 11,000 au 33,000, na tawi bichi hupitisha umeme hadi mkononi mwako. Ita Kenya Power. Vijana wanaopanda na panga kwa malipo kidogo ndio hufa au kuvunjika uti wa mgongo. Mlipe fundi mwenye kamba, kofia ngumu na msaidizi aliye chini wa kuwazuia wapita njia.

Vilevile, usikubali mti ukatwe kichwa chote ubaki kigogo. Machipukizi yanayoota hapo hushikilia kijuujuu tu, nayo yakinenepa hukatika kwa urahisi. Zaidi ya hayo, kidonda kikubwa namna hiyo hufungulia uozo njia.

Miti yenye sumu na miiba

Mnyaa, ule wa ua wenye vijiti vya kijani ambao Wakikuyu huuita kariaria, una utomvu mweupe unaochoma jicho. Mtoto akiingiwa, mwoshe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 30, kisha mpeleke hospitalini hata kama anasema amepoa. Maumivu huweza kuzidi baada ya saa kadhaa. Usitie maziwa wala dawa ya macho iliyobaki nyumbani.

Kuna pia mti wa ua wenye majani membamba na maua ya manjano mfano wa kengele, uitwao Thevetia. Mbegu zake huvuruga mapigo ya moyo. Hali kadhalika olmorijoi ya Wamaasai, ambayo tangu jadi imetengenezewa sumu ya mishale. Aliyekula sehemu ya miti hii asilazimishwe kutapika. Kimbieni hospitalini mkiwa na tawi la mti huo.

Mwiba wa mgunga nao si jambo dogo. Ukiingia gotini au kwenye kiungo cha kidole, kipande huweza kubaki ndani na kuleta uvimbe wiki kadhaa baadaye. Kumbuka pia pepopunda. Akina mama huchanjwa wakiwa wajawazito, lakini wanaume wengi hawajachanjwa tangu utotoni. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, kisha umwulize daktari kuhusu chanjo.

Huduma ya kwanza

Aliyeanguka au kuangukiwa: Tazama juu kwanza, usije ukaangukiwa na tawi la pili. Usimwinue wala kumnyoosha shingo. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi. Abebwe amelala juu ya ubao, kichwa kimeshikwa kisitikisike. Asipakiwe kwenye bodaboda.

Aliyegongwa kichwani: Hata akisimama na kucheka, asiachwe peke yake siku nzima. Kutapika, usingizi mzito, maneno yasiyoeleweka, au maji na damu puani au masikioni ni dharura. Damu huweza kuvuja ndani ya fuvu polepole.

Aliyebanwa na gogo kwa muda mrefu: Piga 999 au 112 kwanza na ufuate maagizo. Misuli iliyopondwa hutoa kemikali zinazodhuru moyo na figo gogo linapoondolewa, hivyo ni lazima afike hospitalini hata akiweza kutembea.

Aliyepigwa na stima: Usimguse kabla umeme haujazimwa. Waya ukianguka, kaa mbali angalau mita 10. Ukiwa salama na yeye hapumui, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi msaada ufike.

Tunapopanda

Tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa siku ya mapumziko ili kupanda miti. Ni jambo jema, lakini mche unaokufika gotini leo utakuwa na urefu wa nyumba ya ghorofa. Mkaratusi na grevilea zisipandwe chini ya nyaya wala karibu na ukuta. Hapo panda mpera au mlimau.

Maswali ya kujipima

1. Taja dalili tatu za mti ulio hatarini kuanguka.
2. Kwa nini mti wa kijani huweza kuwa mbovu?
3. Mtoto ameingiwa na utomvu wa mnyaa jichoni. Utaanza na nini?

Kazi ya wiki hii, msomaji: zunguka mti ulio karibu kabisa na mahali watoto wako wanapolala, ukiwa na orodha ya dalili sita mkononi. Ukipata hata moja, hamisha kitanda leo na uite fundi kesho.