Anajua kuzidisha, ila hesabu za maneno zinamshinda

Swali: Binti yangu yuko Gredi ya 3 hapa Runyenjes. Kuzidisha amekariri, lakini akipewa hesabu ya maneno anakwama. Nimsaidieje nyumbani? – Mama, Embu

Jibu: Mama, mpe vitu vya kushika kwanza. Mkichambua maharagwe, apange mafungu 4 ya punje 6, kisha mafungu 6 ya punje 4. Ataona mwenyewe kuwa yote ni 24. Halafu awagawie watu 5: kila mmoja apate 4, zibaki 4. Hapo ameielewa baki.

Sokoni, iwe Embu au Gakoromone kule Meru, mwachie hesabu ya chenji: ndizi 3 za shilingi 10 kila moja, noti ya 100, tunarudishiwa ngapi? Gorogoro ya mahindi ni kama kilo 2. Je, kilo 10 ni gorogoro ngapi?

Kisha atunge swali lake, wewe ujibu. Anayeweza kutunga hesabu ya maneno ameielewa. Akitaka kueleza kwa Kiembu, mwache. Na akikosea, muulize alivyofikiri kabla ya kumsahihisha. Dakika 15 kila jioni zatosha.