Barua Isiyojibiwa



Tangu bandari mpya ya Lamu izinduliwe Machi 2012 na gati lake la kwanza kufunguliwa Mei 2021, vijana wetu wa visiwani wamezidi kuandika barua za kuomba kazi: bandarini, kaunti, mashuleni, mahotelini. Wengi hukataliwa. Hilo si ajabu, nafasi ni chache. Somo letu leo ni juu ya kukataliwa kunakochelewa, au kusikofika kabisa.

Tunamkumbuka kijana mmoja wa Kizingitini. Mwezi wa Oktoba alipeleka maombi katika ofisi fulani. Nauli ya boti mpaka Amu, picha, kopi za vyeti, vyote alivipata kwa mkopo wa kikundi cha mama yake. Akaambiwa, ngoja tutakuita. Basi akangoja. Kaskazi ikaingia, wenzake wakaanza kuzamia kamba mawe. Nahodha alipomwita alikataa, eti huenda kesho akaitwa kwenye mahojiano naye yuko baharini, simu haishiki. Nahodha akachukua mtu mwingine. Mwezi wa Mei, kusi imeshachafua bahari, ndipo akasikia kwa mpita njia kwamba nafasi ile ilijazwa tangu Desemba.

Angeambiwa "hapana" Desemba, angeumia wiki moja kisha angeingia chomboni. Sasa msimu umepita na deni la kikundi liko pale pale. Nasi tuliomwambia avute subira tulikosea. Wazee walisema pia: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Vijana wengi huona haya kuuliza, wakidhani watakatwa jina. Lakini kuuliza ni haki. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila mwananchi wa Kenya ruhusa ya kuomba habari katika ofisi ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, na afisa ataandika. Kupeleka ombi hakulipiwi. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba ombi la habari limekataliwa, na mtu anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hatusemi kwamba sheria hii italeta kazi! Italeta jibu, na jibu lina thamani yake.

Barua yenyewe iwe fupi: "Niliomba kazi fulani tarehe fulani. Naomba kujua kama nafasi imejazwa, na kama ombi langu bado linafikiriwa." Nakala ipigwe muhuri wa ofisi, irudi nyumbani. Kwa mwajiri binafsi mambo ni magumu kidogo, ila barua ya adabu haijamdhuru mtu.

Kwa vikundi vinavyokopesha nauli ya kutafuta kazi tunashauri hivi: katika daftari, pembeni mwa mkopo, andikeni siku ya mwisho ya kupokea maombi, na siku mtakayomtuma kijana kuuliza. Mpaka hapo asiache mashua wala shamba. Akiitwa kweli, wenzake wachange nauli ya haraka kumfikisha Amu. Ni rahisi kuliko kulisha mtu anayekaa barazani miezi saba akitazama simu.

Lakini tusinyooshee vidole maofisi tu. Mwaka jana sisi wenyewe tulitafuta mlinzi. Watu 11 waliomba. Tulimjibu mmoja, yule tuliyemchukua. Miezi minne baadaye mzee mmoja alituuliza njiani, kwa heshima kabisa, kama tumeshaamua. Tuliona aibu. Wiki ile tuliwapelekea wengine wote habari.

Maswali ya kujadili: Kikundi chenu kilipoajiri mwalimu wa chekechea au fundi, waliokosa waliambiwa? Na miongoni mwenu, nani anangoja jibu sasa hivi, na anangoja tangu lini?