SOMO LA MAARIFA: MBWA ANAINGIA NAMNA GANI KATIKA ANSIKLOPEDIA?



Katika somo hili tunataka kujifunza kazi moja inayoonekana nyepesi, kumbe ni nguvu: kazi ya kuchagua. Tuseme tumepewa kurasa mbili za ansiklopedia ya jumla, na juu yake neno moja limekwisha kuandikwa: MBWA. Tutie nini ndani? Tuache nini inje? Mbwa tunamjua sisi wote. Huku kwetu tunamwita imbwa, na hakuna kiwanja cha Mangobo au cha Kabondo ambapo hapiti. Na ni juu ya ile sababu kazi inakuwa nguvu. Kitu ambacho mtu hakijui, anakitafuta. Kitu anachokiona kila siku mlangoni, anafikiri amekwisha kukimaliza.

1. KWANZA TUJUE KITABU CHENYEWE

Kamusi inaeleza neno. Ansiklopedia inaeleza kitu. Watu wakigombana sokoni na mmoja akamwita mwenzake "imbwa", ile ni habari ya neno, kamusi ndiyo itaipokea. Methali za mbwa nazo ziko na kitabu chao. Hadithi ya mbwa wa jirani aliyeiba samaki ni tamu sana jioni penye moto, lakini haiko ya ansiklopedia.

Na tunaposema "ya jumla", maana yake ni kwamba kitabu ni cha watu wote. Mtoto wa mvuvi wa Wagenia atakisoma, na mtoto wa Norvegi ambaye hajaona mto wetu atakisoma pia. Wote wawili wapate mbwa yule yule.

Basi kila jambo linapobisha mlango, tuliulize maulizo matatu:

(a) Je, ni kweli kwa mbwa wengi wa dunia, ao ni jambo la mbwa mmoja na kijiji kimoja?
(b) Tukiliondoa, msomaji atakosea juu ya mbwa?
(c) Tunalijua kwa hakika, ao tumelisikia tu?

Ulizo la tatu lisichezewe. Mwandishi wa ansiklopedia ni shahidi mbele ya watu asiowaona, na sisi tunajua amri inayokataza ushahidi wa uongo.

2. MAMBO YASIYOKOSA

Tuanze na mnyama mwenyewe. Mwaka 1758 mtaalamu wa Uswidi Linnaeus alimpa jina la kisayansi, Canis familiaris. Ana meno 42 akiwa mkubwa, jike hubeba mimba siku karibu 63, na pua yake inapita yetu mbali sana. Hayo ni kweli kwa mbwa wa Kisangani na kwa mbwa wa Tokyo. Yanaingia bila mashaka.

Ukoo wake pia unaingia, lakini hapa Kiswahili chetu kinatutega. "Mbwa mwitu" ni jina la wanyama wawili. Kuna yule wa Biblia, wa kijivu, anayekaa katika nchi za kaskazini: mbwa wa nyumbani ametoka katika ukoo wake. Kuna yule wa Afrika mwenye madoa na masikio ya mviringo, Lycaon pictus: huyu hakumzaa mbwa wetu, wala mbweha hakumzaa. Mwandishi akiandika "mbwa mwitu" tu na kusonga mbele, nusu ya wasomaji watashika mnyama mwingine. Lazima aseme ni yupi.

Halafu umri wa urafiki. Kule Bonn-Oberkassel, Ujerumani, walifukua mifupa ya mbwa aliyezikwa pamoja na watu zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Wakati ule hakuna mtu aliyekuwa na shamba, wala mbuzi, wala kuku. Mbwa ndiye mnyama wa kwanza kukaa na mtu. Tukiliondoa hili, msomaji atafikiri mbwa ni mfugo kama mifugo mingine. Liingie.

Sasa tupime jambo ambalo vitabu vingi vinakosea kipimo chake. Ukifungua kitabu cha Ulaya utakuta kurasa za picha: mbwa wa nywele ndefu, mbwa wa miguu mifupi, kila mmoja na jina na cheti. Ni kweli, wako. Lakini desturi ile ya kuandika mbwa katika daftari za ukoo ni ya juzi. Chama cha London kinachoitwa Kennel Club kilianzishwa mwaka 1873. Wataalamu wanakadiria mbwa wote wa dunia kuwa kati ya milioni 700 na bilioni 1, na wengi wao hawana kamba wala cheti. Wanazunguka, wanakula mabaki, wanalinda kiwanja, wanajichagulia wenyewe dume na jike. Kwa hiyo mbwa wa kawaida wa dunia ni yule anayelala chini ya meza za soko kuu letu. Makala inayojazwa na mbwa wa cheti inadanganya, hata kama kila sentensi yake ni ya kweli. Tukumbuke vizuri: kipimo kibaya nacho ni uongo.

3. MBWA WA KWETU

Hapa moyo unaanza kusema. Nchi yetu imeupa ulimwengu mbwa mmoja wa sifa, anayeitwa basenji: mdogo, nywele fupi, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Mwaka 1870 Mjerumani Schweinfurth alipita katika nchi ya Wazande, upande wa Uele, akaandika juu ya mbwa wadogo wa namna ile wenye kengele za mti shingoni, wasipotee katika majani marefu. Wawindaji Wambuti wa Ituri nao wanafunga kengele ya mti kwa mbwa wao. Mwaka 1895 mbwa wa Kongo walionyeshwa London, lakini wakafa kwa ugonjwa. Mwaka 1937 wengine walionyeshwa kule kule, na watu wakajaa kuwatazama kwa sababu hawabweki.

Mtu wa hapa angependa kumpa basenji nusu ya kurasa zetu. Tumpime. Ulizo (a) linamkataa: yeye ni mmoja kati ya mamia ya aina. Ulizo (b) linamfungulia dirisha dogo: tukiandika kwamba mbwa wote wanabweka, ao kwamba majike yote hutaka dume mara mbili kwa mwaka, tunakosea, maana basenji kwa kawaida habweki na jike lake hutaka dume mara moja tu. Na ulizo (c) linatusahihisha sisi wenyewe. Wengi wanasema "basenji ni bubu". Hapana: analia, anaguna, na ana sauti yake ya kupanda na kushuka kama wimbo. Basi apate sentensi mbili katika makala ya jumla, kisha apewe makala yake mwenyewe, ndefu vile tunavyotaka. Kengele nayo ipate sentensi moja mahali pa kazi za mbwa, pamoja na kuchunga kondoo, kuongoza vipofu na kunusa mabomu yaliyozikwa.

Lakini jina lake je? Kila mtu wa Kisangani, akisema Lingala ao Kiswahili, anasikia kitu ndani ya "basenji". Ni ndugu wa "washenzi". Wakati wa ukoloni neno lile lilitupwa juu ya watu wa vijiji na wa pori, na mbwa akalichukua kwa sababu alikuwa mbwa wao. Leo watu wa Marekani na Uingereza wanalitamka kwa upendo, bila kujua linauma wapi. Wengine kati yetu wangetaka lifutwe. Sisi tunasema libaki, kwa kuwa ndilo jina ambalo dunia inalitumia, lakini lielezwe wazi katika makala ya basenji: limetoka wapi, na lilikuwa linawaita nani. Tukilificha, tunaficha pia ubaya uliotendwa.

4. MAMBO YA HAYA

Je, tuandike kwamba kuna watu wanaokula mbwa? Wengine watasema: hapana, tutachekwa. Lakini ni kweli, na si kwetu tu. Kuna wanaokula katika sehemu za Kongo, za Nigeria, za China na za Vietnam. Na Korea ya Kusini bunge lilipitisha sheria mwezi wa Januari 2024 ya kukomesha biashara hiyo kufikia mwaka 2027. Jambo liingie kwa ufupi, kwa majina ya nchi mbalimbali, bila kicheko. Tuogope sentensi kama "Wakongo wanakula mbwa". Katika nchi yetu mmoja anakula, jirani yake anaona ni mwiko. Neno "wengine" ni dogo, lakini linaokoa ukweli.

Dini vilevile. Katika Biblia mbwa mara nyingi ni mnyama wa dharau, lakini katika Luka 16 mbwa ndio wanaofika kwenye vidonda vya Lazaro. Kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi, lakini mbwa wa kuwinda ameruhusiwa. Sentensi moja kwa kila upande, na heshima ile ile.

5. JAMBO LA UHAI

Kama tungekuwa na nafasi ya aya moja tu baada ya kusema mbwa ni nini, aya ile ingekuwa ya kichaa cha mbwa. Inapita maulizo yote matatu. Ugonjwa huu unauwa watu wanaokadiriwa 59,000 kila mwaka, sana sana Asia na Afrika. Karibu wote wameupata kwa mbwa, na karibu 40 kwa kila 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Na bado unazuilika. Tarehe 6 Julai 1885 Louis Pasteur alianza kumchoma chanjo Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, na mtoto akaishi. Leo chanjo ya watu iko, na ya mbwa iko. Mahali ambapo mbwa 70 kwa kila 100 wamechanjwa, ugonjwa unakatika njia.

Ansiklopedia inaeleza hali ya kitu. Haiko tangazo la ukutani. Lakini gazeti letu linaweza kuwa tangazo, kwa hiyo tunaongeza: ukiumwa ao ukikwaruzwa na mbwa, hata kidogo, osha kidonda mara moja kwa mayi yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili. Kisha ufike lopitali siku ile ile kuuliza chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Usiende kwanza kwa dawa za miti. Mwambie mkubwa, hata kama ulimchokoza mbwa wewe mwenyewe. Fimbo ya baba inapona, kichaa hakiponi.

6. TUFUNGE SOMO

Tunapashwa kushika maneno mawili. Kupenda kitu hakutoshi kukiingiza, na kuona haya hakutoshi kukifukuza. Mwandishi anapima kwa ajili ya msomaji, na msomaji mmoja kati ya wale wasiojulikana anaweza kuwa mtoto mwenye kidonda mguuni.

MAULIZO YA KUJIBU

1. Laika, mbwa wa Urusi, alirushwa juu ya anga tarehe 3 Novemba 1957. Aingie katika makala ya jumla ao hapana? Toa sababu.
2. Andika upya, kwa haki: "Mbwa wa Afrika wanaishi ovyo."
3. Chagua MUHOGO ao PIROGI. Andika mambo matano ya kutia ndani na matatu ya kuacha inje, na kwa kila moja useme ni ulizo gani limekata kesi.