Jamhuri Dhidi ya Fisi: Somo la Mahakama ya Kuigiza kwa Vijana wa Kipaimara

Ukurasa wa somo katika toleo hili unahusu jambo ambalo baadhi yenu mmelisikia likichekwa barabarani: kwamba vijana wetu walimpandisha fisi kizimbani. Ni kweli walimpandisha. Hapa tunaeleza namna kozi hiyo inavyopangwa, ili usharika wowote wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu au Busega utakaopenda uweze kuiendesha wenyewe.

Tuanze na sababu. Mwaka 2005 mtafiti wa uchumi, Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, alichapisha utafiti alioufanya katika vijiji 67 vya Wilaya ya Meatu, ambayo wakati ule ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Aliona kwamba katika miaka ya mvua mbaya, yaani ya ukame au ya mafuriko, mauaji ya watu waliodaiwa kuwa wachawi yalikuwa karibu mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka hivyo. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake, wengi wao wazee, na mara nyingi mkono ulikuwa wa ndugu wa ukoo.

Huku Usukumani "ushahidi" uliotajwa mara nyingi dhidi ya bibi kizee ni macho mekundu. Kila aliyewahi kukaa katika jiko letu anajua macho hayo yanatoka wapi. Kuni zikiwa adimu, mama hupikia mabua, miti ya pamba iliyokauka na kinyesi cha ng'ombe, miaka arobaini au hamsini mfululizo, ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Tumelihubiri jambo hili na tumelifanyia semina. Vijana husikiliza, hukubali kwa kichwa, kisha hurudi nyumbani ambako mjomba tayari ametoka kupiga ramli. Walichokosa si mawaidha. Walikosa mazoezi ya kumwuliza mtu mzima swali moja: umejuaje?

Sasa, kwa nini fisi, na si kesi ya kweli ya kijijini? Mwanzoni tulifikiria kesi ya kweli. Mwinjilisti mmoja alitukataza, naye alikuwa na haki. Katika darasa la Kipaimara anaweza kuwapo mtoto ambaye bibi yake alifukuzwa kijijini, na mwenzake wa benchi la pili akawa mjukuu wa aliyemfukuza. Fisi hana ndugu darasani. Tena ndiye mnyama ambaye wazee wetu husimulia kuwa wachawi humpanda usiku kama sisi tunavyopanda baiskeli. Kwa hiyo watoto hucheka, na huku wakicheka wanakuwa wamelishika jambo lenyewe.

Kesi tuliitunga hivi. Mbuzi wa Mzee Kobe ametoweka usiku. Fisi anashtakiwa kwa makosa mawili: kuiba mbuzi huyo, na kumbeba Bibi Bundi mgongoni kwa nia mbaya. Shahidi mkuu ni Sungura, ambaye kila mtoto anampenda na kila mtoto anajua ni mwongo. Kunguru anakuja kueleza habari aliyoambiwa na Mbayuwayu. Tembo anaitwa kutoka Pori la Akiba la Maswa na anachelewa, kama mashahidi wote.

Masomo ya shule yanaingia hapo bila kulazimishwa. Kwa baiolojia, tuliandaa sinia la udongo lenye nyayo za zizini. Kucha za fisi hazirudi ndani, kwa hiyo alama zake huonekana katika nyayo. Za chui hurudi ndani. Nyayo za kwenye sinia hazikuwa na alama za kucha. Kwa kemia, kulikuwa na kielelezo cha kinyesi cheupe. Weupe huo ni madini ya chokaa ya mifupa aliyoitafuna, na vijana walibishana karibu nusu saa kama kinyesi hicho kinathibitisha wizi au kinathibitisha tu kwamba Fisi alipita njia hiyo. Kwa hisabati, Tembo alimwona mshtakiwa bwawani saa nne usiku, kilomita 12 kutoka zizini, na mbuzi alilia saa tano kasorobo. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, Fisi angehitaji dakika 72. Mwendesha mashtaka, kijana wa kidato cha pili, akapinga kwamba fisi akikimbia sana hufikia kilomita 60 kwa saa. Wakili wa utetezi akamwuliza: kwa umbali gani, na akiwa na haraka ya nini?

Kwa upande wa sheria hatukuingia ndani sana. Yalitosha mambo mawili. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Na Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamtaka anayesema "niliona" awe ameona mwenyewe. Kunguru akashushwa kizimbani. Kwa upande wa Neno tulisoma habari za Nabothi, 1 Wafalme 21, ambako mashahidi wawili wanatimiza idadi na wote wawili ni waongo. Hapo vijana walielewa maswali ya dodoso yanatumika kwa kazi gani.

Tulikosea pia. Mara ya kwanza niliandika maneno yote mimi mwenyewe, hadi hukumu. Likawa igizo la Krismasi: kila mmoja alikariri sehemu yake akakaa. Safari ya pili tuliwapa vielelezo na maelezo ya mashahidi tu, hukumu tukawaachia wazee wa baraza, wavulana watatu na wasichana watatu. Kabla ya kuanza niliomba wanyooshe mikono: nani anaona Fisi ana hatia? Karibu darasa zima. Kijana mmoja akasema fisi hahitaji shahidi, anajulikana. Sikumjibu. Niliandika maneno yake ubaoni, nayo yakabaki pale Jumamosi zote sita.

Fisi aliachiwa kwa kosa la mbuzi. Kwa kosa la pili wazee wa baraza walikuwa wanajadiliana nje chini ya mti wakati karani, msichana mdogo kuliko wote, alipokuja kuniuliza kama anaruhusiwa kusema. Katika daftari lake la kumbukumbu, Bibi Bundi ametajwa na kila shahidi, lakini hakuna aliyemwita. Binti aliyevaa manyoya ya Bundi alikuwa amekaa kwenye benchi tangu asubuhi akisubiri. Mahakama ikafunguliwa upya. Maneno yake yalikuwa machache: usiku ule alikuwa macho kwa sababu bundi huwinda usiku, na alikuwa akiwinda panya.

Hatudai kwamba kozi hii imeokoa maisha ya mtu. Jumamosi sita hazitoshi kupima hilo, na tunaomba wafadhili wetu watuvumilie katika safu hiyo ya taarifa. Tunachoweza kusema ni kwamba wazazi wawili walikuja kulalamika kuwa watoto wao siku hizi wanauliza maswali mengi mezani.

Kwa kamati itakayotaka kuanza: chagueni vijana wa miaka 13 hadi 16, wasizidi 25. Tafuteni mwalimu mmoja wa sayansi. Mwanasheria si lazima, ila karani wa Mahakama ya Mwanzo akikubali kufika siku moja, vijana hufurahi sana. Msianze wakati wa palizi wala wa kuvuna pamba, mtabaki na viti. Chaki, karatasi, udongo wa sinia na kitambaa cheusi cha joho la hakimu havikutugharimu sana. Fedha nyingi zilikwenda kwenye ugali na maharage, na tumeziandika hivyo hivyo katika hesabu. Maelezo ya mashahidi yamechapwa. Kila usharika utapewa nakala moja kwenye mkutano wa kamati wa robo ijayo. Kesi mpya inaandaliwa: Nyuki wanamshtaki Nyegere.