Gobole, Nguruwe Pori na Miaka 20 Jela

Wakulima wa Masasi na Newala wana maswali kuhusu silaha zilizomo vijijini. Mwandishi wetu wa masuala ya sheria anajibu.

Bunduki za huku si zinatoka Msumbiji?

Zipo zilizovuka Ruvuma. Kule kulikuwa na vita vya ukombozi, 1964 hadi 1974, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha 1992. Uasi wa Cabo Delgado ulianza Oktoba 2017, na Oktoba 2020 ukafika Kitaya, upande wetu wa mto. Lakini gobole halihitaji kuvuka mpaka. Mhunzi hulitengeneza kwa bomba la chuma na kitako cha mti, likashindiliwa baruti na vipande vya nondo. Halina namba, na mwenye nalo mara nyingi ni mkulima anayelinda mihogo na karanga.

Basi lina ubaya gani?

Usiku kichaka kikitikisika, mlinzi hajui kama ni nguruwe au jirani anayekatiza njia. Likichakaa hupasuka mkononi. Tena ugomvi wa mpaka wa shamba ukipamba moto, linalochukuliwa ni lile lililoko uvunguni.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 20 cha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 kinakataza kumiliki silaha bila leseni. Kosa hilo hushtakiwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, na hapo kifungo ni kati ya miaka 20 na 30. Hapa ndipo ninapotofautiana na wabunge wetu. Mlinzi wa mihogo na mwindaji haramu wa tembo wanakutana kwenye kifungu kimoja, kana kwamba nia zao ni moja. Anayeogopa miaka 20 halipeleki gobole polisi. Analifukia, na mwanawe analifukua.

Si kuna msamaha wa kusalimisha?

Upo. Umoja wa Afrika umeitenga Septemba kuwa mwezi wa msamaha, na serikali yetu imewahi kutangaza vipindi vya kusalimisha kwa hiari bila kushtakiwa. Ni jambo jema, ila kipindi kinapita, mvua zinanyesha, watu wanapanda, nguruwe wanarudi. Bunge liandike msamaha huo ndani ya sheria, uwepo mwaka mzima, na ofisi ya kijiji iruhusiwe kupokea.

Nikilitoa, shamba nililinde kwa nini?

Swali hili wabunge hawaulizwi vya kutosha. Kanuni za kifuta jasho za 2011 zilihusu wanyama hatari kama tembo na kiboko, tena malipo ya juu kabisa yalikuwa Sh 100,000 kwa ekari, zisizidi ekari 5. Nguruwe pori na ngedere hawakuwamo. Kumnyang'anya mkulima gobole bila kumpelekea askari wanyamapori msimu wa mazao ni kumwambia akafue jingine.

Nimwambie nini mbunge wangu?

Muulize hadharani kama atapeleka Dodoma pendekezo la kulitenga gobole la shambani na uhujumu uchumi, adhabu yake iwe faini na kunyang'anywa silaha. Diwani naye muulize ni kiasi gani cha ushuru wa korosho kimetengwa kwa askari wanyamapori na mafuta ya gari lao. Akisema fedha hakuna, omba kuonyeshwa bajeti ya halmashauri. Si siri.