Nishati, Upepo na Mlima: Je, Isaac del Toro Aweza Kushinda Mashindano Makubwa ya Baiskeli?

Asubuhi ya tarehe 31 Mei 2025, kijana wa Mexico aitwaye Isaac del Toro, mwenye umri wa miaka 21, aliongoza msimamo wa jumla wa Giro d'Italia, yaani mashindano ya kuizunguka Italia kwa baiskeli. Zilibaki hatua 2 tu kati ya 21, na ile ya mwisho, mjini Roma, ilikuwa tambarare isiyotazamiwa kubadili lolote. Aliyemfuata, Richard Carapaz wa Ecuador, alikuwa nyuma kwa sekunde 43. Wa tatu, Simon Yates wa Uingereza, alikuwa nyuma kwa dakika 1 na sekunde 21. Jioni ya siku hiyo Yates ndiye aliyeongoza, na kesho yake alitangazwa mshindi, akiwa mbele ya Del Toro kwa dakika 3 na sekunde 56.

Wengi walihukumu upesi kwamba kijana alishindwa kwa sababu miguu yake ilichoka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo haitoshi. Tukilipima tukio hili kwa kanuni za fizikia na fiziolojia zinazofundishwa katika shule za sekondari, tutaona ni sehemu gani ya muda ilipotea mlimani na ni ipi iliyopotea kwingineko. Hapo ndipo tutakapoweza kusema neno la maana juu ya matumaini yake ya miaka ijayo.

Mashindano yenyewe

Mashindano makubwa ya hatua duniani ni matatu: la Ufaransa lililoanzishwa mwaka 1903, la Italia lililoanzishwa mwaka 1909, na la Hispania lililoanzishwa mwaka 1935. Kila moja huchukua majuma matatu, lina hatua 21, na urefu wake hukaribia kilometa 3,400. Muda wa kila hatua hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Kwa hiyo mtu aweza kushinda mashindano bila kuwa wa kwanza katika hatua hata moja, na aweza kushinda hatua nyingi bila kukaribia ushindi wa jumla.

Del Toro alizaliwa tarehe 27 Novemba 2003 huko Ensenada, mji wa pwani ya Pasifiki. Mwaka 2023 alishinda Tour de l'Avenir, mashindano ya vijana yanayofanyika Ufaransa. Mwaka 2024 alijiunga na timu ya kulipwa ya Falme za Kiarabu, na mwaka huo huo akashiriki mashindano ya Hispania. Mwaka 2025, huko Italia, alivaa jezi ya waridi ya kiongozi baada ya hatua ya 9 iliyoishia Siena, akashinda hatua ya 17 iliyoishia Bormio, na kuivua jezi hiyo katika hatua ya 20 tu. Baadaye mwaka huo alishinda mashindano ya hatua ya Austria na yale ya Burgos, Hispania.

Kanuni ya kwanza: kuinua uzito

Mlima ulioamua mambo unaitwa Colle delle Finestre. Una urefu wa kilometa 18.5, na kwa wastani barabara hupanda meta 9.2 kwa kila meta 100. Kilometa 8 za mwisho ni za changarawe. Kilele chake kipo meta 2,178 juu ya usawa wa bahari.

Katika fizikia, kazi ya kuinua kitu ni zao la tungamo la kitu hicho, mvuto wa dunia, na kimo kinachopandwa. Tuchukue mfano wa mwendeshaji mwenye kilo 64, ambaye baiskeli yake pamoja na mavazi na maji ni kilo 8. Jumla ni kilo 72. Kimo cha mlima huu ni meta 1,700 hivi. Basi:

Kazi = 72 × 9.8 × 1,700 = jouli 1,200,000, kwa kukadiria.

Nguvu ni kazi inayofanywa kwa kila sekunde. Ikiwa mwendeshaji huyu atapanda kwa saa moja, yaani sekunde 3,600, nguvu inayohitajika kumwinua ni wati 333. Zikiongezwa wati 50 hivi za kushinda msuguano wa changarawe na ukinzani wa hewa, jumla hukaribia wati 380. Hizi ni karibu wati 6 kwa kila kilo ya mwili wake. Mwalimu akimweka mwanafunzi mwenye afya juu ya baiskeli ya kupimia, ataona kwamba wati 200 tu humtoa jasho jingi kwa dakika chache.

Hesabu hiyo yaonyesha pia thamani ya kilo moja. Kwa nguvu ile ile, kupunguza kilo moja kati ya 72 huokoa karibu sekunde 40 katika mlima huo mmoja. Ndiyo maana washindi wa mashindano haya aghalabu ni watu wembamba. Lakini kilo hiyo isiwe ya msuli unaotoa nguvu, kwani hapo hasara huzidi faida.

Yates, mwenye mwili mdogo kuliko Del Toro, aliupanda mlima kwa muda usiofika saa moja. Alipofika kileleni, muda aliokuwa amempita Del Toro haukufika dakika 2. Ni kweli, basi, kwamba siku hiyo Yates alikuwa na nguvu zaidi mlimani. Lakini hatua ilipokwisha huko Sestriere, Del Toro alikuwa amepoteza zaidi ya dakika 5. Dakika zaidi ya 3 zilikwenda wapi?

Kanuni ya pili: ukinzani wa hewa

Kani ya ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo, na nguvu inayohitajika kuishinda huongezeka kwa mchemraba wake. Mwendo ukiongezwa maradufu, nguvu ya kushinda hewa huwa mara 8. Kwa sababu hiyo mtu anayepanda mlima mkali kwa kilometa 18 kwa saa hausikii sana upepo. Kwa makadirio, katika Finestre hewa humtoza takriban asilimia 6 tu ya nguvu zake. Baada ya kilele hicho, hata hivyo, kuna mteremko, halafu barabara ya kilometa 16 inayopanda taratibu hadi Sestriere. Hapo waendeshaji huenda kwa kilometa 27 kwa saa au zaidi, na hewa huchukua zaidi ya asilimia 20 ya nguvu zao.

Anayekaa nyuma ya mwenzake kwa karibu hukingwa na mwili wa yule wa mbele, na ukinzani wa hewa anaoupata waweza kupungua kwa theluthi moja au zaidi. Timu ya Yates iliufahamu ukweli huu. Tangu mapema ilikuwa imemtanguliza Wout van Aert wa Ubelgiji, mtu mwenye mwili mkubwa na nguvu nyingi za tambarare, katika kundi la mbele. Yates alipoteremka Finestre alimkuta mwenzake akimngoja, akajikinga nyuma yake, na mwendo wake ukazidi huku akipumzika.

Nyuma yao, Del Toro na Carapaz walikuwa wawili, na wawili wakipokezana zamu ya mbele huenda kasi kuliko mmoja. Lakini hawakupokezana. Kila mmoja alihofu kwamba akitangulia kukata upepo atambeba mpinzani wake, naye atapitwa mwishoni. Del Toro alikuwa amechagua kumchunga Carapaz aliyekuwa nyuma kwa sekunde 43, na katika kumchunga huyo akamwacha yule wa dakika 1 na sekunde 21. Kundi lisilosaidiana halina faida ya kundi. Hivyo basi, zaidi ya nusu ya muda uliopotea siku ile haikupotea katika mapafu wala katika misuli. Ilipotea katika uamuzi.

Barabara hiyo ilikuwa imekwisha kutoa somo kama hilo. Mwaka 2018 Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeanza mbio za baiskeli akiwa Kenya, alijitenga na wenzake juu ya changarawe ya Finestre akaenda peke yake kilometa 80, huku waliomfukuza wakishindwa kushirikiana ipasavyo. Alishinda hatua na kisha mashindano yote. Aliyevuliwa jezi ya waridi siku hiyo alikuwa Simon Yates, ambaye alichelewa kwa zaidi ya dakika 38. Miaka 7 baadaye Yates huyo huyo alirudi mahali pale na kuipata jezi aliyoipoteza.

Kanuni ya tatu: ghala la nishati

Misuli ya binadamu si mashine kamilifu. Katika kila jouli 100 za chakula zinazotumika, 23 hivi tu hufika kwenye pedali, na zilizobaki hugeuka joto. Mwendeshaji wa mfano wetu, aliyetoa wati 380 kwa saa moja, alifanya kazi ya jouli milioni 1.37, lakini mwili wake ulitumia jouli milioni 6. Kazi kali kama hiyo huendeshwa zaidi na wanga uliohifadhiwa katika misuli na ini kwa umbo la glaikojeni. Ghala hilo aghalabu halizidi gramu 500, sawa na jouli milioni 8 hivi. Mlima mmoja, basi, waweza kulimaliza karibu lote.

Hii ndiyo sababu waendeshaji hula wakiwa njiani, na jioni hula tena kwa wingi ili ghala lijae kabla ya asubuhi. Katika mashindano ya majuma matatu, mshindi si mwenye nguvu kuliko wote siku ya kwanza. Ni yule ambaye nguvu zake hupungua kidogo kuliko za wengine ifikapo siku ya 20. Juu ya hayo huongezeka athari ya kimo: katika kilele cha Finestre shinikizo la hewa ni karibu asilimia 78 ya lile la pwani, hivyo kila pumzi huleta oksijeni pungufu.

Kwa kipimo hiki Del Toro alitoa dalili njema. Kijana aliyekuwa katika mashindano yake ya pili tu ya majuma matatu aliweza kushinda hatua ya milima siku ya 17, wakati wengi wakiwa wamedhoofika. Mwezi Septemba 2025 alishiriki pia mashindano ya ubingwa wa dunia mjini Kigali, ambayo kwa mara ya kwanza yalifanyika barani Afrika. Katika mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, ambamo hakuna wa kumkinga mwenzake na upepo, alikuwa wa 5. Katika mbio za barabarani alifuatana kwa muda na Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyekuwa bingwa, kabla ya kuachwa.

Je, yawezekana kutabiri?

Mtu aweza kusema hivi: Egan Bernal wa Colombia alishinda Tour de l'Avenir mwaka 2017, na miaka miwili baadaye akashinda mashindano ya Ufaransa akiwa na miaka 22. Pogačar alishinda yale ya vijana mwaka 2018, naye miaka miwili baadaye akashinda ya Ufaransa akiwa na miaka 21. Kwa hiyo mshindi wa mwaka 2023 naye lazima atafika.

Hoja hii yavutia, lakini ina kasoro ambayo kila mwanafunzi wa sayansi hana budi kuitambua. Imewachagua waliofaulu na kuwasahau wengine. Marc Soler alishinda mashindano hayo ya vijana mwaka 2015, David Gaudu mwaka 2016, na Tobias Halland Johannessen mwaka 2021. Hadi mwisho wa mwaka 2025 hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameshinda moja ya yale makubwa matatu. Ushindi wa ujanani ni dalili ya kipaji, wala si hati ya kumiliki wakati ujao.

Kinachoweza kusemwa kwa haki ni hiki. Del Toro ana nguvu ya kupanda, ana mwendo dhidi ya saa, na mwili wake hustahimili majuma matatu. Yanayobaki ni mawili. La kwanza ni kuthibitisha nguvu hizo katika milima mirefu ya juma la mwisho, mahali ambapo Yates alimzidi. La pili ni timu: katika timu yenye Pogačar, aliyekwisha kushinda mashindano ya Ufaransa mara 4 kufikia mwaka 2025, kijana huenda akatakiwa kumkatia mwenzake upepo badala ya kukatiwa. Ama kosa la uamuzi, hilo ndilo lililo jepesi kusahihishwa. Mapafu hayabadiliki sana baada ya utu uzima, lakini akili hujifunza.

Mazoezi

1. Mwanafunzi mwenye kilo 50 anapanda kilima cha kimo cha meta 60 kwa dakika 5, kwa baiskeli ya kilo 18. Tafuta nguvu inayohitajika kuinua uzito huo.

2. Mwendo ukiongezeka kutoka kilometa 20 hadi 30 kwa saa, nguvu ya kushinda ukinzani wa hewa huongezeka mara ngapi?

3. Waendeshaji wawili wanamfukuza wa tatu. Eleza, kwa kutumia kanuni ya pili, kwa nini kila mmoja akitafuta faida yake mwenyewe wote wawili hupata hasara.

Majibu: (1) wati 133 hivi. (2) mara 3.4 hivi. (3) lijadiliwe darasani.