Je, Kitabu ni Mgeni Kwetu?

Somo: Matendo 8:26-35

Wengine husema vitabu vililetwa na wazungu. Lakini Filipo alimkuta Mwafrika, towashi wa Kushi, garini mwake akisoma chuo cha Isaya. Huko Ethiopia, Injili za Garima, zilizoandikwa kwenye ngozi, zimetunzwa zaidi ya miaka 1,300. Kisiwani Pate, Utendi wa Tambuka uliandikwa kwa herufi za Kiarabu mwaka 1728.

Basi, Biblia ya Kigogo ya bibi isiliwe na mchwa sandukuni. Itoe, umsomee mjukuu. Hata towashi alihitaji mtu wa kumfafanulia.

Swali: Nyumbani mwako, nani huwasomea watoto, na kwa lugha gani?